Shingo Iwe ya Mwisho

Hukumu hii nimeisikia Kimisagara sokoni, nimeisikia kwenye ngazi zinazopanda kuelekea Mlima Kigali, nimeisikia hata ndani ya ukumbi wa mazoezi: anayemshika mwenzake kwa nyuma ni mwizi au mwoga. Mwanamume hupigana uso kwa uso. Dar es Salaam wanasema fulani kapigwa roba, Nairobi wanasema kapigwa ngeta, na sisi wa Kigali, ambao Kiswahili chetu kimekaa bega kwa bega na Kinyarwanda, tunasema wamemniga. Picha ni ile ile kila mahali: mtu anarudi usiku, simu mkononi, mkono unatokea gizani na kumzunguka shingo, akizinduka yuko chini na mifuko imetolewa nje. Mzazi mwenye picha hiyo kichwani akichungulia dirishani na kumwona kijana wake amekaa nyuma ya mwenzake kwenye mkeka, miguu imemzunguka nyonga, mkono uko karibu na koo, haoni mchezo. Anaona jambazi anayefundwa.

Naipinga hukumu hiyo, na naipinga pamoja na nyingine iliyozaliwa nayo tumbo moja, inayoishi ndani ya kumbi zenyewe: kwamba katika jiu-jitsu ya Kibrazili kufika mgongoni ni hatua tu ya kulifikia koo, na aliyefika nyuma akachelewa kukaba amepoteza nafasi. Mzazi anaiogopa kabali, mchezaji anaitamani, lakini macho yao yametua mahali pamoja. Wote wanadhani kazi ya kumdhibiti mtu kwa nyuma hufanyika shingoni. Kazi hiyo hufanyika kifuani, pale kifua cha anayeshika kinapogusana na mgongo wa anayeshikwa, na shingo inapaswa kuwa jambo la mwisho kabisa, ambalo mara nyingi halihitajiki hata kidogo.

Mtazame kwanza huyo mwizi. Ana nini mikononi? Ana shingo, basi. Amesimama, mfupa wa kigasha chake umelala juu ya koromeo, anavuta kwa nyuma ili mwenzake apoteze miguu. Viuno havikugusana. Mikono ya anayekabwa iko huru, miguu iko huru, na akipata nafasi ndogo tu ya kushusha kidevu na kugeuka, mambo yamekwisha: atamwona aliyemkaba, atapiga kelele, atapiga ngumi. Mwizi anajua hilo, kwa hiyo hana budi kuwa mkali na wa haraka. Lazima aumize. Gegedu la koo linaweza kupasuka, njia ya hewa ikavimba, na mtu akafa baadaye akiwa kitandani kwake. Ukatili wa roba unatokana na udhaifu wa mshiko wake. Mtu asiye na chochote isipokuwa shingo ataiminya kwa nguvu zote.

Sasa mtazame mtu aliyefundishwa vizuri. Amekaa, na mwenzake amekaa mbele yake, wote wameelekea upande mmoja. Kifua kimegandana na mgongo bila mwanya wa kupitisha kiganja. Mkono mmoja umepita juu ya bega la mwenzake, mwingine umepita chini ya kwapa la upande wa pili, na viganja vinakutana mbele ya kifua cha anayeshikwa. Kiganja kilichopita kwapani ndicho kinachokaa juu, kikifunika kifundo cha ule mkono mwingine ili usivuliwe. Wachezaji wanauita mshiko huu mkanda, kwa kuwa unapita mwilini kwa mshazari kama mkanda wa gari. Kichwa kimebanwa kando ya kichwa, sikio kwa sikio. Visigino vimeingia ndani ya mapaja ya anayeshikwa na kukaa hapo kama kulabu. Hakuna kilichogusa koo.

Anayeshikwa afanye nini? Ngumi zake zinaelekea mbele, na adui yuko nyuma. Teke halifiki. Haoni chochote ila ukuta ulio mbele yake. Anaweza kusukuma, kujiviringisha, kuinuka kwa mikono na magoti, na kila anapokwenda anabeba uzito wa mtu mwingine mgongoni. Aliye nyuma hana haraka yoyote. Hapa ndipo tofauti yake na mwizi ilipo: ana muda. Mwenye muda anaweza kusema na aliyemshika, anaweza kumwomba atulie, anaweza kungoja wenzake wafike, anaweza kuamua kutomuumiza.

Nililiona hili kwa karibu Jumamosi moja mchana, msichana mwembamba akifanya zoezi na kijana ambaye ni karaningufu Nyabugogo, mtu anayepandisha magunia ya viazi begani kutwa nzima. Sharti la zoezi lilikuwa kwamba mkono hauruhusiwi kugusa shingo. Kijana aliinuka kwa magoti, akajitupa ubavuni, akajaribu kumkandamiza kwa mgongo wake mpana, akavuta vidole vya yule binti mpaka tukamkanya. Binti hakushindana naye kwa nguvu. Kijana alipoinuka, naye aliinuka; alipojitupa, walianguka pamoja, na kila walipotua alikuwa wa kwanza kuziba mwanya uliofunguka kati ya kifua chake na ule mgongo. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye kisogo cha mwenzake na macho alikuwa ameyafumba, anasikiliza kwa mwili. Mwishowe kijana alikaa tu, jasho likidondoka kutoka kwenye kidevu, akasema kwa pumzi iliyokatika, "Dada, basi, nimechoka." Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyekabwa. Na kwa uzito walikuwa hawalingani hata kidogo.

Sasa njoo kwenye hoja ya uso kwa uso, ambayo ina heshima yake na siidharau. Mieleka ya kwetu, gukirana, watu wanaianza wakitazamana, na anayemwangusha mwenzake anaonekana na wote. Vijana wa karate wanaofanya mazoezi katika kituo cha vijana cha Kimisagara, ambacho wengi bado wanakiita Maison des Jeunes, wanainamiana kwanza, macho kwa macho. Jiu-jitsu nayo huanza hivyo hivyo. Hakuna pambano linaloanza mtu mmoja akiwa amejificha nyuma ya mwingine. Wawili wanapeana mikono, wanasimama wakitazamana, na kama mmoja atafika nyuma ni kwa sababu wa pili amempa mgongo. Anaupa vipi? Mara nyingi kwa kukimbia jambo baya zaidi. Amelaliwa kifuani, amekaliwa juu, anageuka kifudifudi ili apumue. Au ameangushwa, anajikunja kwa magoti kama kobe na kutazama sakafu. Mgongo unaonekana kwa kuwa mwenyewe ameugeuza. Kumwita mwoga aliyefika hapo kwa kazi ya dakika nzima ya kusukumana mbele ya macho ya watu ni kumwonea.

Hukumu ya pili ni ngumu zaidi kuing'oa, kwa sababu inashikiliwa na watu wa mchezo wenyewe, na ina kanuni za mashindano za kuegemea. Katika kanuni za IBJJF, shirikisho linalofuatwa na mashindano mengi duniani, kumshika mtu mgongoni kunaleta pointi 4, sawa na kumkalia juu kifuani. Kupita miguu ya mpinzani kunaleta 3, kumwangusha kunaleta 2. Lakini ili uzipate hizo 4, visigino vyote viwili viwe ndani ya mapaja ya mpinzani, miguu isipishane, na hali hiyo idumu sekunde 3. Ukimfunga kiuno kwa miguu iliyofungwa pembetatu, hata kama umemshika barabara na hawezi kujigeuza, hupewi hizo pointi 4. Mwanafunzi anayesoma kanuni hiyo anajifunza kupenda visigino. Anakimbilia kuingiza miguu kwanza, anahesabu moja, mbili, tatu kichwani, kisha anarusha mkono shingoni. Kifua anakisahau.

Kinachomtokea kinajulikana na kila aliyewahi kushikwa mgongoni na kutoroka. Anayeshikwa anateleza kuelekea upande wa ule mkono uliopita kwapani, kwa sababu upande huo hauna mkono juu ya bega wa kumzuia. Anashusha makalio kidogo, anatafuta sakafu kwa mabega yake. Mara mafupa ya mabega yanapogusa mkeka, mchezo umegeuka: visigino vya aliye nyuma bado vimo mapajani, lakini kifua chake kimebaki kinakumbatia hewa. Sasa anayeshikwa anageuka, wanatazamana, na aliyekuwa nyuma yuko chini. Miguu ilikuwa pale pale muda wote na haikumsaidia. Na kama alivipishanisha vifundo vya miguu kwa hofu ya kuachwa, amejiongezea balaa, kwani mwenzake anaweza kupitisha mapaja juu ya vifundo hivyo, akainua nyonga, na kifundo kikauma mpaka agonge kwa kiganja kuomba aachiwe. Miguu ni msaidizi. Inafuata nyonga za anayeshikwa ili kifua kisibanduke. Anayeitanguliza ameanza na mtumishi akamwacha bwana.

Ushahidi wangu mkubwa ni Marcelo Garcia, Mbrazili ambaye watu wengi wa mchezo huu, nami nimo, tunamhesabu kuwa bingwa wa mgongo kuliko wote. Alitwaa ubingwa wa ADCC, mashindano ya dunia ya mieleka ya kukabana, katika uzito wa chini ya kilo 77 mara nne: 2003, 2005, 2007 na 2011. Hakuwa mrefu, hakuwa na misuli ya kutisha, na alikubali kupambana hata na wanaume wazito kuliko yeye kwa mbali. Ukitazama mapambano yake bila kuruka mbele kufikia mwisho, utaona jambo moja linajirudia: mkanda wake unafungwa mapema, mara nyingine kabla ya miguu kuingia, mpinzani akiwa bado anajikunja au anainuka. Mikono ikishakutana kifuani, Garcia anakuwa mzigo usioshuka. Miguu inaingia baadaye inapopata njia. Kabali inakuja mwisho kabisa, na inakuja kwa urahisi kwa sababu mikono ya mpinzani imekwisha choka kupigana na mikono yake. Vijana wetu wanatazama kipande cha sekunde kumi kwenye simu, kile cha mwisho, na kuhitimisha kwamba siri ni mkono shingoni. Kilichotangulia kimekatwa na aliyekipandisha.

Kosa hili la kutazama mwisho tu lina umri. Jiu-jitsu ya Brazil ilichipuka kutoka judo ya Jigoro Kano, aliyeanzisha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Mwanafunzi wa shule hiyo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na ukoo wa Gracie ukaichukua na kuikuza. Kwa miaka mingi ilibaki jambo la Wabrazili. Kisha tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Royce Gracie, mtu wa takriban kilo 80, alishinda mashindano ya kwanza ya mapigano huru ya UFC, na katika fainali alimkaba Gerard Gordeau kwa nyuma. Dunia iliona mkono shingoni. Royce alisema baadaye kwamba Gordeau alikuwa amemng'ata sikio, na ndiyo sababu aliendelea kubana hata baada ya mwenzake kugonga. Simulizi hiyo hutumiwa kunipinga, na inanigusa kweli: aliyeko nyuma ana nguvu juu ya mwenzake, na nguvu inaweza kutumiwa kwa hasira. Lakini hilo ndilo linaloniimarisha katika hoja yangu ya kufundisha kushika kabla ya kukaba. Mtu akabidhiwe shingo ya mwenzake baada ya kuonyesha kwamba anaweza kukaa nyuma yake, akavutwa vidole, akasukumwa, akapigwa kiwiko kwa bahati mbaya, na asikasirike.

Tofauti kati ya shingo na mwili si ya mkekani tu. Polisi wa Marekani wameilipia kwa maisha ya watu. Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vifo vya watu waliokabwa na polisi, wengi wao Weusi, jiji lilipiga marufuku kabali ya kubana koromeo kwa mfupa wa mkono na kuibana sana ile ya kubana mishipa ya damu. New York ilikuwa imewakataza polisi wake kukaba tangu 1993, na bado mwaka 2014 Eric Garner alifia kando ya barabara baada ya kukabwa kwa nyuma na polisi. Mwaka 2020 George Floyd aliuawa Minneapolis kwa goti shingoni, akiwa amelazwa kifudifudi na kufungwa pingu. Hayo yote ni madhara ya kuanza na shingo, na ya kumlalia mtu aliyekwisha kushindwa. Kwa upande mwingine, polisi wa Marietta, mji wa jimbo la Georgia, walianza mwaka 2019 kuwataka askari wapya wajifunze jiu-jitsu, na baada ya muda walitangaza kwamba majeraha yamepungua, ya askari na ya wanaokamatwa pia. Sishangai. Anayejua kumshika mtu mwilini hahitaji kumpiga, na hahitaji koo lake.

Najua kitakachosemwa na wenye ujuzi: kwamba kabali ya mchezo ni salama, kwa kuwa haibani koromeo. Ni kweli kwa kiasi chake, na ni vema ieleweke. Kabali iliyofungwa sawasawa inaweka kiwiko mbele ya kidevu. Msuli wa juu wa mkono unabana upande mmoja wa shingo na kigasha kinabana upande wa pili, pale inapopita mishipa mikubwa ya damu inayopanda kwenye ubongo. Njia ya hewa inabaki wazi. Damu ikipungua, mtu hupoteza fahamu ndani ya muda unaokaribia sekunde kumi, na akiachiwa mara moja kwa kawaida huzinduka upesi. Lakini neno zito hapo ni "akiachiwa mara moja". Sekunde ni chache, mwanafunzi mpya hajui kusoma mwili wa mwenzake, na mshipa wa shingo nao unaweza kuumia. Ndiyo maana mkekani kuna mwamuzi, kuna mwalimu, na kuna kugonga. Nyumbani hakuna hata kimoja kati ya hivyo.

Hili nililielezwa na mama mmoja anayeuza parachichi si mbali na kituo cha vijana. Alinisimamisha njiani, kapu likiwa bado kichwani.

"Mwalimu, mlisema ni mchezo. Mbona kijana wangu anamniga mdogo wake nyumbani?"

"Mama, amefundishwa wapi?"

"Huko huko kwenye mazoezi yenu. Wiki ya kwanza."

Nilifuatilia. Kijana alikuwa ameingia ukumbi mmoja mjini, na siku zake za mwanzo kabisa alionyeshwa kabali, kwa kuwa ndicho kitu kinachomvutia mgeni na kumfanya arudi. Hakuonyeshwa mkanda, hakuonyeshwa namna ya kufuata mwili unaogeuka. Alipewa shingo peke yake, kama mwizi. Akaenda nayo nyumbani kwa mdogo wake. Nilimwambia yule mama kwamba ana haki ya kukasirika, na kwamba alichokiona ndani ya nyumba yake kilikuwa roba kweli, hata kama kilifundishwa na mtu aliyefunga mkanda mweusi. Lakini dawa aliyoitaka, ya kuwazuia watoto wote wasiende, sikukubaliana nayo. Mtoto aliyejua kushika mwili angemkumbatia mdogo wake kwa nyuma mpaka ugomvi upoe, na mama asingekuwa na la kunisimamishia njiani.

Wapo wanaodhani mafunzo ya aina hii yanachochea ukali katika nchi na kanda ambayo imeona ukali wa kutosha. Ninawaheshimu sana wanaosema hivi. Hofu yao haikutoka hewani. Ninawakumbusha tu habari ya ng'ambo ya Ziwa Kivu. Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wa Bukavu, walitenganishwa na familia zao utotoni kwa sababu ya vita, wakajifunza judo Kinshasa, kisha mwaka 2013 wakaomba hifadhi Brazil walipokwenda kwenye mashindano ya dunia huko Rio de Janeiro. Mwaka 2016 waliingia Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi, na Misenga alishinda pambano lake la kwanza. Judo ni mchezo wa kuangushana, kulaliana na kukabana, na ndio uliowapa watoto hao wa vita utaratibu, wenzao wa kila siku, na sababu ya kuamka. Misenga mwenyewe ameeleza kwamba ulimpa utulivu na nidhamu. Mwili unaojifunza kumbana mwenzake na kumwachia kwa ishara moja ya kiganja unajifunza kuacha, na kuacha ni somo ambalo watu wazima wengi hawakuwahi kufundishwa.

Kuna jambo la mtaani ambalo lazima nilikubali bila kuzungukazunguka. Kwenye vichochoro vya Kimisagara, ambako njia ni ngazi za mawe na mtelemko, kukaa chini nyuma ya mtu huku mwenzake amesimama karibu ni hatari. Mkeka hauna mawe na hauna mtu wa tatu. Anayesema kwamba jiu-jitsu ya kukaa chini haitoshi barabarani anasema kweli. Lakini hata hapo ninachokisema kuhusu kifua kinasimama: ukiwa umesimama, mikono imefungwa kiunoni mwa mtu, kichwa kimebanwa mgongoni kwake, anashindwa kukupiga, na unaweza kumsogeza kando, kumketisha, au kumsukuma na kukimbia. Mtu akienda shingoni akiwa amesimama kwenye ngazi, wataanguka wote wawili, na koo la mmoja likiwa ndani ya mkono wa mwingine.

Na wasichana? Swali hili linaulizwa zaidi Nyamirambo na Biryogo, kwa Waislamu wenzangu, na linaulizwa kwa adabu: inafaa binti akae hivi na mtu? Si lazima afanye mazoezi na mwanamume. Makundi ya wasichana peke yao yanawezekana, na mavazi ya kufunika mwili mzima pamoja na hijabu ya michezo yapo na yanaruhusiwa. Falme za Kiarabu zimeingiza jiu-jitsu mashuleni, na mabinti wenye hijabu wanashindana Abu Dhabi mbele ya wazazi wao. Wasichana wetu ndio wanaoihitaji elimu ya mgongo kuliko mtu yeyote, kwa sababu wao ndio wanaoshikwa kwa nyuma wasipotaka. Binti aliyezoea kushikwa na rafiki yake mkekani, akajua kwamba kazi ya kwanza ni kulinda koo kwa mikono miwili, na ya pili ni kupeleka mabega kwenye sakafu upande usio na mkono begani, hataganda siku mkono wa mgeni utakapomzunguka. Ataogopa, lakini mikono yake itajua pa kwenda. Huwezi kumfundisha hayo bila mtu wa kukaa nyuma yake, na aliyekaa nyuma lazima naye awe amefundishwa kushika bila kuumiza.

Kwa hiyo ninachowaomba walimu wenzangu, wa Kimisagara na wa kwingineko mjini, ni kubadilisha utaratibu wa somo. Mwezi wa kwanza, mkono usiguse shingo. Wawili wakae, mmoja nyuma, mkanda umefungwa, na kazi iwe moja: aliye mbele atoe mgongo wake, aliye nyuma asiupoteze. Wabadilishane. Wakizoea, aliye nyuma aanze bila miguu kabisa, visigino vikiwa sakafuni, ili ajue kifua kinaweza kufanya nini peke yake. Baadaye apewe miguu. Najua jibu nitakalopewa, maana nimekwisha kulipata: watoto watachoka, watahamia kwenye ukumbi wa jirani unaofundisha kabali siku ya kwanza. Wengine watahama kweli. Watakaobaki watakuwa wagumu kushikika na wagumu zaidi kutorokwa, na wazazi wao watakuja kutazama badala ya kuchungulia. Kabali ikifika zamu yake, ifundishwe siku moja na kugonga na kuachia, na anayechelewa kuachia akae nje ya mkeka mpaka kipindi kiishe, awe amefunga mkanda mweupe au mweusi.